Keremkerem wa Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wa visiwani wanapomuona ndege huyu kwenye waya za umeme, au wanapomlaumu kwa mizinga yao. Tumeyapanga kwa mada. Anayetaka jambo la mizinga tu aende moja kwa moja sehemu ya nne.

## 1. Kumfahamu

Keremkerem ni ndege gani hasa?

Ni ndege mwembamba mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, mabawa yaliyochongoka na rangi zinazong'aa. Anakamata wadudu wanaoruka, na nyuki na nyigu ni miongoni mwa anaowapenda zaidi, ndiyo maana wengine humwita mlanyuki. Wengi wana mstari mweusi unaopita machoni, kuanzia kwenye mdomo hadi nyuma ya jicho, na macho yenyewe ni mekundu. Miguu yake ni mifupi na dhaifu, vidole vya mbele vimeshikana kwa sehemu. Ndiyo maana humuoni akitembea chini kama njiwa. Maisha yake ni angani na kwenye kitawi.

Jee, si ndiye chozi? Au mdiria?

Hapana, hao ni jamaa tofauti kabisa. Chozi ni mdogo sana na hushinda kwenye maua akinyonya asali yake kwa mdomo uliopinda. Mdiria ana kichwa kikubwa, mdomo ulionyooka na mnene, na mkia mfupi. Mbayuwayu naye hukamata wadudu angani, lakini mdomo wake ni mfupi mno, na huruka mfululizo bila kurudi kwenye tawi.

Alama kubwa ya keremkerem ni mwenendo wake. Hukaa wima mahali pa wazi, hutupa kichwa huku na huku, huchomoka ghafla, hukamata, kisha hurudi akielea kwa mabawa yaliyotandazwa na kutua palepale alipotoka. Ukiona hivyo mara mbili tatu, huna haja ya darubini kujua ni nani.

Wako aina ngapi, na wanaishi wapi duniani?

Wataalamu huhesabu karibu aina 30, kutegemea wanavyowagawa. Wengi wako Afrika. Wengine wako Asia na Bukini, wachache kusini mwa Ulaya, na mmoja hufika hadi Australia. Amerika hawapo kabisa.

Mbona mara namuona kijani, mara buluu, mara mweusi?

Kwa sababu kijani na buluu yake hazitokani na rangi iliyopakwa ndani ya unyoya. Zinatokana na namna unyoya ulivyojengwa: vijisehemu vidogo sana ndani yake hutawanya mwanga wa buluu na kuurudisha kwenye jicho lako. Jua likiwa nyuma yako, ndege huwaka. Jua likiwa nyuma yake, utaona kivuli cheusi chenye mdomo mrefu. Rangi za kahawia na nyekundu ya udongo za kooni ni rangi halisi, nazo hazibadiliki sana. Basi kabla ya kuamua ni aina gani, zunguka kwanza hadi jua likukae mgongoni.

Nitamtambuaje dume na jike?

Kwa aina nyingi ni vigumu mno. Wanafanana. Dume huwa na rangi kali kidogo au mkia mrefu zaidi kidogo, lakini kwa macho tu, kutoka chini ya mnazi, usijipe shida.

## 2. Nani wapo visiwani, na lini

Niwatarajie miezi gani?

Fuata pepo. Wakati wa kaskazi wapo wageni kutoka kaskazini ya mbali, wanaoanza kufika kuelekea Oktoba na Novemba na kuondoka Machi na Aprili, masika yanapoingia. Mkubwa wao hapa ni keremkerem mashavu-buluu, ambaye kwa kitaalamu anaitwa Merops persicus. Huzaa Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia ya kati mpaka Bara Hindi, kisha baridi ya huko humleta kwetu.

Wakati wa kusi mambo hugeuka. Hapo anayetazamiwa ni keremkerem wa Bukini, Merops superciliosus. Huyu huzaa Bukini na Ngazija na visiwa vyake, na pia sehemu za pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi ya wale wa Bukini huvuka bahari kuja upande wetu wakati wa baridi ya kusini, takribani Mei hadi Septemba.

Mtu anayejua mwezi gani huyu na mwezi gani yule tayari ameshajibu nusu ya swali. Lakini nusu tu, kwa sababu kuna miezi ya kupishana, na ndege hawana kalenda. Nusu ya pili ni swali linalofuata.

Nimemuona wa kijani mwenye koo la rangi ya udongo na mkia wenye sindano. Ni yupi kati ya hao wawili?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi, hata wanaotembeza wageni kila siku. Wote wawili ni kijani, wote wana koo la rangi ya kutu, wote wana manyoya mawili ya kati ya mkia yaliyochomoza kama sindano, na wote wakipita juu yako utaona chini ya bawa pana rangi ya shaba. Usitazame mwili. Tazama uso.

Mashavu-buluu ana kijani kikali kinachong'aa, hata utosini. Juu na chini ya ule mstari mweusi wa jicho kuna buluu ya mbingu, na paji lake lina weupe kidogo unaoishia kwenye buluu hiyo. Kidevu ni cha manjano kabla ya kuanza koo la kutu.

Wa Bukini ana kijani kilichofifia, kama kimepigwa na moshi. Utosi wake ni kahawia iliyokolea, si kijani, na hapo ndipo pa kutazama kwanza. Juu ya jicho ana mstari mweupe, na chini ya jicho pia ni weupe. Buluu kwenye shavu hana. Kidevu ni cheupe-cheupe, si manjano ya wazi.

Kwa maneno mafupi: utosi kahawia na nyusi nyeupe, ni wa Bukini, utosi kijani na shavu buluu, ni yule wa kaskazi. Kama umemuona dhidi ya jua na huna hakika, andika "keremkerem" tu, inatosha.

Na yule mwenye mgongo wa kahawia na koo la manjano?

Huyo ni keremkerem wa Ulaya, Merops apiaster. Utosi na mgongo ni kahawia nyekundu, mabegani ana rangi ya dhahabu, koo ni manjano safi lililopigwa mstari mweusi chini yake, na kifua ni buluu ya bahari. Huzaa kusini mwa Ulaya, Afrika Kaskazini na magharibi ya Asia, na wengine huzaa Afrika Kusini. Hupita Afrika Mashariki kwa makundi, mara nyingi juu sana, kuelekea kusini mwezi wa kumi na kurudi Machi na Aprili. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumuona.

Analia vipi?

Sauti laini inayoviringika, "prrui, prrui", inayorudiwa wakati anaruka. Kundi likipita juu, sauti hizo huchanganyikana na kuwa mvumo mmoja, na ukiinua macho pengine hutoona kitu mpaka uwatafute juu kabisa.

Nimemuona hana sindano mkiani. Ni aina nyingine?

Si lazima. Vijana huwa na mkia mfupi na rangi zilizofifia, na hata mkubwa hupoteza yale manyoya anapobadilisha. Rudi kwenye uso, kama tulivyoeleza juu.

Yupo keremkerem mwekundu mzima?

Yupo, lakini ni wa bara. Keremkerem mwekundu wa kaskazini hufika mpaka pwani ya Kenya. Ukimuona Unguja au Pemba, piga picha na soma swali la mwisho la ukurasa huu.

Niende wapi kuwatafuta?

Popote penye uwazi, wadudu na kitu cha kutulia juu yake. Mabonde ya mpunga ya Cheju na Kinyasini kwa Unguja ni pazuri, kwa sababu maji huleta kereng'ende. Kingo za mikoko ya Chwaka pia, na barabara ya kuelekea Jozani ukitazama waya badala ya msitu. Keremkerem hawa si ndege wa ndani ya msitu mnene. Kwa Pemba, anza na mabonde ya mpunga, kisha uwazi wa kaskazini kuelekea Ras Kigomasha. Ukipita Ngezi utakuta ndege wengine wa thamani, akiwemo ninga wa Pemba, lakini keremkerem mtafute nje ya kivuli.

Saa nzuri ni baada ya jua kupanda kidogo. Asubuhi ya mapema wadudu bado hawajaruka, naye hana haraka.

## 3. Chakula chake

Anakula nyuki tu?

Hapana. Hula karibu mdudu yeyote anayeruka: nyigu, kereng'ende, kumbikumbi, nzi wakubwa, vipepeo, panzi, mende wa kuruka. Kwa jamii nzima ya keremkerem, nyuki na nyigu na ndugu zao wameonekana kuwa kati ya asilimia 20 na 96 ya wadudu wanaoliwa, kutegemea aina na mahali. Katika fungu hilo, nyuki wa asali ni kama theluthi moja.

Kuna jambo la kushangaza hapa: mdudu akishatua, mara nyingi keremkerem humuacha. Anamtaka akiwa angani. Nyuki aliyetulia juu ya ua mbele ya macho yake anaweza kusalimika kabisa.

Mbona hadungwi?

Anaweza kudungwa, lakini ana ufundi wake, na ukibahatika kuwa karibu utauona wote. Humkamata nyuki kwa ncha ya mdomo na kurudi naye kwenye waya. Kwanza humpiga kichwa upande mmoja, tap, tap, mpaka alegee. Kisha humgeuza mdomoni, akamshika karibu na mkia, na kuanza kumsugua upande wa pili wa waya kwa nguvu na haraka. Wakati wa kusugua hufumba macho. Tumbo la nyuki hubanwa, sumu humwagika na mwiba aghalabu hutoka. Hupiga tena mara moja mbili, humrusha kidogo, humeza.

Akikamata kereng'ende, ambaye hana mwiba, hasugui hivyo. Humpiga tu na kumla. Yaani anatofautisha.

Chini ya waya nimeona vidonge vyeusi. Ni kinyesi?

Si kinyesi. Ni mabaki ya magamba na mabawa ya wadudu yasiyosagika tumboni, ambayo keremkerem huyatapika yakiwa yamebanwa kidonge. Ukikivunja kimoja kikavu kwa kijiti utaona vipande vya mabawa na vichwa vya wadudu vikimetameta. Kwa walimu wa skuli, hili ni somo la bure: watoto wanaweza kujua ndege alikula nini bila kumgusa.

Ni kweli wanafuata moto?

Baadhi ya keremkerem hufuata moto wa nyika, kwa sababu wadudu hukimbia moshi na kuruka ovyo. Bara, wale wekundu hupanda hata mgongoni mwa tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, na mwa wanyama wakubwa, wakisubiri panzi wanaoshtuliwa na miguu. Hapa visiwani tazama nyuma ya trekta linapolima bondeni.

## 4. Kwa wafugaji wa nyuki

Jee, keremkerem atanimalizia nyuki?

Kwa mizinga yenye afya, hapana. Tufanye hesabu. Nyuki mfanyakazi wakati wa kazi nyingi huishi takribani wiki sita. Kundi lenye nyuki 20,000, kwa hiyo, hupoteza karibu nyuki 500 kila siku kwa uzee na uchovu tu, na malkia mzuri hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku wakati wa maua. Anaokula keremkerem wanaopita ni sehemu ndogo ya mzunguko huo. Pia anakula nyigu, na nyigu wakubwa ni maadui wa nyuki.

Lakini sitaki kumdharau mfugaji anayelalamika, kwa sababu kuna hali tatu ambapo malalamiko yake ni ya haki. Ya kwanza ni pale mizinga mingi imerundikwa uwanjani peupe, na kundi zima la kaskazi likakaa kwenye waya mbele yake siku baada ya siku. Ya pili ni kundi changa au dhaifu ambalo halina akiba ya nyuki. Ya tatu, na hii ndiyo nzito, ni malkia bikira. Hutoka kuruka kwa ajili ya kupandwa mchana wa joto, siku chache baada ya kuzaliwa, na keremkerem akimnasa safari hiyo mzinga mzima umebaki bila mama. Kuna pia hasara isiyoonekana: keremkerem wakiwa wengi juu ya mzinga, nyuki hupunguza kutoka.

Basi nifanyeje?

Weka mizinga chini ya miti, si kwenye uwanja. Chini ya mikarafuu, miembe au pembezoni mwa mikoko, nyuki anatoka akiwa chini ya kivuli, na keremkerem hapendi kuwinda ndani ya matawi. Elekeza mlango wa mzinga upande wenye majani. Kata matawi makavu yaliyochomoza juu ya mizinga, maana ndiyo viti vyake. Tawanya mizinga badala ya kuirundika pamoja. Weka maji karibu ili nyuki wasisafiri mbali kuyatafuta.

Kazi ya kugawa makundi na kukuza malkia ipange isiangukie wiki ambazo makundi makubwa yanapita, khasa kuingia na kutoka kwa kaskazi. Hilo peke yake linaondoa sehemu kubwa ya hasara.

Na kabla ya kumlaumu ndege, fungua mzinga. Nondo wa nta, sisimizi, siafu na dawa za kupulizia mashamba huua makundi mengi kimyakimya, huku keremkerem akilaumiwa kwa kuwa ndiye anayeonekana.

Watoto wanawapiga manati ili kulinda mizinga. Kuna faida?

Hakuna. Mgeni wa kaskazi aliyepigwa leo, kesho nafasi yake inachukuliwa na mwingine anayepita. Unaua ndege aliyevuka jangwa na bahari, na mzinga uko palepale uwanjani. Hamisha mzinga.

## 5. Kiota na familia

Mbona sijawahi kuona kiota chake mtini?

Kwa sababu hajengi mtini. Huchimba tundu kwenye ukingo wa udongo au mchanga, na wakati mwingine kwenye ardhi tambarare. Dume na jike huchimba wote, kwa mdomo, na kuusukuma mchanga nje kwa miguu. Tundu hufika mita moja hadi mbili, na mwisho wake ni chumba cha mayai meupe ya mviringo. Hakuna manyasi wala manyoya ndani. Zulia la chumba ni mabaki ya wadudu, na harufu yake si ya kupendeza.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu. Ardhi ya mashariki ya Unguja ni ya mawe, ambako tundu la namna hiyo haliwezekani. Udongo mzito wenye kina uko magharibi, na mchanga laini ni huo huo tunaouhitaji kwa nyumba.

Kwenye machimbo ya mchanga kuna matundu. Nifanye nini?

Kwanza tazama kama kuna ndege wanaoingia na kutoka na wadudu mdomoni. Kama wapo, kuna makinda, na makinda hukaa ndani karibu mwezi mmoja. Chimba upande mwingine kwa muda huo. Ukuta wa mchanga uliosimama wima ukishaporomoshwa, kila kilicho ndani kinafukiwa. Usiingize kijiti wala mkono. Utavunja mayai, na huenda ndani mna nyoka.

Ni kweli ndugu husaidia kulea?

Kwa baadhi ya aina, ndiyo. Karibu na Nakuru, Kenya, watafiti Stephen Emlen na Peter Wrege waliwafuatilia kwa miaka keremkerem paji-jeupe, wanaoishi kwa makundi makubwa ya ukoo. Ndege asiye na kiota, au aliyepoteza makinda yake, huwalisha makinda ya jamaa zake, na huchagua wa karibu kwa damu. Mwaka 1992 walichapisha jambo jingine: baba humsumbua mwanawe wa kiume anayeanza nyumba yake, akimzuia asimlishe mkewe na kumzibia mlango wa tundu, mpaka kijana anaacha na kurudi kumsaidia baba kulea wadogo zake. Aina hiyo ni ya bara, haikai visiwani.

Maadui zake ni nani?

Nyoka na kenge kwa mayai na makinda; kozi kwa wakubwa angani. Bara kuna na mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali: hutaga yai ndani ya tundu la keremkerem, na kinda lake huzaliwa na ndoano mdomoni, likawaua makinda ya mwenye nyumba gizani.

Kunguru, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa amewamaliza ndege wengi wadogo mijini, huiba mayai ya viota vya wazi. Tundu refu ni kinga nzuri dhidi yake.

## 6. Mambo yasiyo ya kila siku

Nimemuokota chini, haruki. Nimlishe nini?

Usimlazimishe chakula wala maji mdomoni. Mtie kwenye boksi lenye matundu ya hewa, mahali pa giza na kimya, kwa saa moja au mbili. Wengi huwa wamegonga kioo au waya, au wamechoka na safari, na wakipumzika huruka. Mfungulie mahali pa wazi penye kitawi, mbali na paka. Kama bawa limening'inia, tafuta daktari wa mifugo.

Naweza kumfuga?

Hapana. Chakula chake ni mdudu hai anayeruka, tena wengi kwa siku, na akifungiwa kwenye kizimba hawezi kuwinda.

Kundi zima linalala mtini kwangu. Wameleta nini?

Hawakuleta chochote kibaya. Nje ya msimu wa kuzaa hulala pamoja, wakibanana bega kwa bega kwenye tawi moja. Watachafua chini ya mti, basi. Usiwamulike kwa tochi, maana wakitawanyika usiku hawaoni vizuri pa kutua.

Nimemuona nisiyemfahamu. Nimpeleke nani taarifa?

Piga picha hata kwa simu, hata kama ni ya mbali, lakini hakikisha uso umeonekana. Andika tarehe, mahali, idadi na walichokuwa wakifanya. Unaweza kuingiza taarifa hizo eBird, tovuti ya kuandikia ndege walioonekana, ambako huduma ni bure na watu wenye ujuzi huhakiki taarifa zisizo za kawaida. Taarifa za Pemba zinahitajika zaidi, kwa sababu wageni wengi wenye darubini huishia Unguja. Na usiandike wa ajabu tu: keremkerem wa kawaida kwenye waya wa Konde mwezi wa Julai, akiwa na utosi wa kahawia, ni taarifa nzuri kabisa.